Jaji Hakuwa Akinitazama Mimi

Namba yangu ya kwanza ilikuwa 214. Mama aliifunga mgongoni mwangu kwa kamba ya kiatu, akaigeuza juu chini bila kujua, nami nikaingia uwanjani hivyo hivyo, kifua mbele, nikiwa na miaka 10, juu ya poni jike wa kijivu, farasi wa umbo dogo, aliyeitwa Pepper. Nilikuwa nimejiandaa wiki tatu nzima. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kutabasamu huku nimeinua kidevu, kwa kuwa katika picha zote za washindi nilizowahi kuona, wapanda farasi walikuwa wametabasamu na kuinua kidevu.

Shindano lenyewe halikuwa na kiunzi hata kimoja. Ni lile ambalo farasi huingia wote kwa pamoja, wakazunguka uwanja kwa hatua za kawaida, kisha mchakamchaka, kisha shoti ya taratibu, halafu wakageuka na kurudia yote kwa upande wa pili. Kila nilipopita mbele ya kibanda cha jaji nilitabasamu. Mara ya mwisho nadhani nilimkonyeza kabisa. Tulikuwa 9. Waliotajwa kwenye kipaza sauti ni 8.

Nililia kutoka langoni mpaka kwenye trela. Mwalimu wangu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alisubiri nimalize, akaniuliza: "Pepper alikuwa anafanya nini na masikio yake?" Sikujua. "Na mkia?" Sikujua. "Basi jaji anajua," akasema, akaenda kumvua poni tandiko.

Ilinichukua kama miaka mitatu kulielewa jibu lile.

Kwa wasioujua mchezo huu nieleze kidogo, maana hata baba yangu, aliyelipa bili zake miaka yote, hakuwahi kuuelewa sawasawa. Marekani, ambako nimeshindana karibu maisha yangu yote, kuruka viunzi kuna matawi matatu. La kwanza linaitwa jampa: huko wanaohukumu ni saa na nguzo. Ukiangusha nguzo moja unabebeshwa makosa 4, na hakuna anayejali kama umekaa vizuri au umening'inia kama nguo kwenye kamba. La pili humpima mpandaji mwenyewe: mkao wake, mikono yake, maamuzi yake. La tatu ndilo hanta, na hapo anayepimwa ni farasi. Mwendo wake, namna anavyokunja miguu ya mbele hewani, mgongo wake ukijipinda juu ya kiunzi, na adabu yake tangu anaingia hadi anatoka.

Jina limetokana na uwindaji wa mbweha. Mtu aliyekuwa akishinda mashambani juu ya tandiko kutwa nzima alihitaji farasi asiyebishana, anayeruka kuta na malango kwa mdundo uleule, wala hamrushi mtu roho kila anapoona kitu kipya. Ndiyo maana viunzi vya hanta hutengenezwa vifanane na vya shambani: matawi, magogo, lango la mbao, ukuta wa mawe wa kuigiza, na masanduku ya maua. Jaji anatoa alama kati ya 0 na 100, lakini chini ya alama zote kuna swali moja tu analojiuliza: huyu ningependa kushinda naye siku nzima?

Sasa wewe uliye juu yake unafanya nini? Hapo ndipo penye mtego. Unafanya kazi yote, na kazi hiyo haitakiwi kuonekana.

Tulipoanza viunzi, niligeuka mtu wa hesabu. Raundi ya kawaida ya hanta ina viunzi 8, vingi vikiwa vimepangwa kwa mistari: kiunzi, nafasi, kiunzi. Nafasi hiyo haikupimwa kwa kubahatisha. Hatua moja ya farasi mkubwa akiwa kwenye shoti huhesabiwa kuwa futi 12, yaani kama mita 3.7, na poni hupunguziwa. Mwalimu alinifundisha kuipima kwa miguu yangu mwenyewe: kila hatua yako iwe futi 3, hesabu mbili za mahali farasi anapotua, halafu kila nne ni hatua moja ya farasi, kisha acha mbili za mwisho za kurukia. Kwa hiyo futi 60 ni hatua 4, futi 72 ni hatua 5. Nilifanya mazoezi sebuleni, kwenye korido ya shule, kwenye maegesho ya magari. Mpaka leo nikitembea peke yangu nahesabu.

Ukiongeza hatua pale palipopangwa tano, jaji anaona. Ukipunguza, anaona. Poni akirukia karibu mno na kiunzi, akakidonoa kwa miguu kama kuku, anaona. Akirukia mbali mno, watu walio langoni wanavuta pumzi, naye anaona. Kwa hiyo nilihesabu kwa bidii. Moja, mbili, tatu, na ilipofika tatu bila kiunzi kuwa pale nilipotaka kiwe, mikono yangu iliingia kazini: vuta, achia, vuta, piga teke. Pepper angeinua kichwa, akafungua mdomo, na kurukia popote palipobaki.

Naye alikuwa na ugonjwa wake. Kila alipoona sanduku la maua, hasa la maua meupe, alilaza sikio la kushoto peke yake na kuhama kidogo upande huohuo, kama mtu aliyemwona anayemdai akija ng'ambo ya barabara. Hakuwahi kugoma. Alihama tu. Mimi nilichukulia kuwa ni ukaidi, nikawa nambana kwa mguu wa kushoto na kumvuta kulia, na kadiri nilivyombana ndivyo alivyohama zaidi. Msimu wangu wa pili wote ulikwenda hivyo, tukipigana mbele ya maua.

Nilipofikisha miaka 12, mwalimu alinitoa kwenye mashindano kwa mwezi mzima. Aliweka nguzo moja chini kwenye mchanga, katikati ya uwanja. Moja tu, imelala. Akaniambia nizunguke kwa shoti na kuipita. "Nifanye nini nikikaribia?" "Usifanye chochote."

Haya mambo ukiyasikia unadhani ni rahisi. Mara ya kwanza nilivuta hatua tatu kabla, nguzo ikagongwa. Mara ya pili nilipiga teke, tukairuka kama kijito. Mara ya sita nilishika shungi la poni, nywele zake za shingoni, kwa vidole vyote ili mikono isiweze kuvuta hata ikitaka. Mwalimu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakunywa kahawa yake, hasemi. Mahali fulani baada ya mara ya ishirini nilichoka, na kwa sababu ya kuchoka nikaacha kuitazama nguzo. Nikatazama mti uliokuwa nyuma ya uzio. Nikasikia mapigo ya shoti, tatu tatu, ta-ta-tam, ta-ta-tam, na nguzo ikapita chini yetu ndani ya mapigo hayo bila kubadilisha hata moja. Tukazunguka tena. Ikapita tena. Nikaanza kucheka peke yangu. Mwalimu akanyanyuka kwenye ndoo, akasema poni apoozwe kwa kutembezwa, kazi ya leo imekwisha.

Kilichotokea ni kwamba umbali wa kurukia haukuwa wa kutafutwa na mimi. Shoti ikiwa na mdundo mmoja na farasi amenyooka, kiunzi kinajileta. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa inaharibu hesabu niliyokuwa naihesabu. Baadaye nilisoma kuhusu Federico Caprilli, afisa wa jeshi la wapanda farasi la Italia aliyefariki mwaka 1907, ambaye ndiye aliyewatoa watu kwenye mtindo wa kuegemea nyuma na kuning'inia kwenye hatamu wakati wa kuruka. Yeye alisema mpandaji ainame mbele, aufuate mwili wa farasi, auache mgongo na mdomo wake huru. Wapandaji wa mchezo mzima leo wanakaa alivyotaka yeye. Mimi nilihitaji nguzo moja na mwezi mmoja kufika mahali ambapo Mwitaliano yule alifika zaidi ya karne moja iliyopita.

Nimetaja shungi, ngoja nizungumzie kusuka, kwa sababu nusu ya maisha ya hanta hupita gizani kabla ya jogoo kuwika. Kwenye mashindano makubwa shungi lote husukwa, na kwa desturi hulazwa upande wa kulia wa shingo, visuko vidogo vidogo, thelathini au zaidi, vilivyokunjwa na kubana kwenye mfupa wa shingo kama shanga. Na mkia pia. Wapo watu ambao ndiyo kazi yao: wanapita banda hadi banda usiku kucha na taa kichwani na kigoda cha kupandia. Wanalipwa vizuri, na wanastahili. Sisi hatukuwa na fedha za kuwalipa kila wiki, kwa hivyo nikajifunza.

Unalowesha nywele kwa sifongo. Unazigawa kwa kitana, upana uleule kila fungu, ukikosea upana wa kwanza umekosea shingo nzima. Unasuka kushuka chini, na ukifika nusu unaingiza uzi wa sufu wa rangi ya nywele ndani ya msuko, unamalizia nao, unafunga fundo. Halafu unapitisha ndoano juu, unauvuta uzi, msuko unajikunja mara mbili, unaufunga. Mara ya kwanza nilimaliza saa kumi na moja alfajiri, na Pepper alifanana na nungunungu. Mama alikuja na chai kwenye chupa, akasimama akatazama. Yeye alikuwa amenisuka mimi miaka yangu yote. "Mwanangu," akasema, "unavuta kwa hasira. Nywele hazijakukosea." Akaweka chupa chini, akalowesha vidole, akafumua visuko vitatu vya mwanzo na kuvisuka upya. Alikuwa anaogopa farasi, yule mama. Alisuka huku amenyoosha mikono na kuuweka mwili mbali, tayari kukimbia. Lakini vile vitatu ndivyo pekee vilivyolala sawa siku ile.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sipendi kulisema.

Nilikuwa na miaka 13. Shindano la viunzi, poni 14. Asubuhi, kwenye uwanja wa kupasha misuli, hatua za kwanza za mchakamchaka nilihisi kitu. Mchakamchaka una mapigo mawili, moja-mbili, moja-mbili, na la mbili lilikuwa fupi. Kidogo sana. Nilijiambia ni ardhi. Tukazunguka mara kadhaa, mwili ukapata moto, likapotea, au mimi niliacha kulisikiliza. Mwalimu alikuwa langoni na mtoto mwingine. Sikumwambia.

Raundi ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupanda mpaka siku ile. Sikuvuta hata mara moja. Kwenye maua alihama upana wa kiganja tu. Mtangazaji akaita namba za kurudi uwanjani, na ya kwanza ilikuwa yangu.

Katika hanta ya siku zile, walioitwa walikuwa hawajashinda bado. Ulikuwa unashuka, unamshika poni kwa hatamu, na kila mmoja kwa zamu anamkimbiza mchakamchaka mbele ya jaji, tandiko mgongoni, ili aone kama mnyama ni mzima wa miguu. Asiye mzima hapewi kitu. Nilikimbia. Kokoto za pale langoni zilikuwa ngumu kuliko mchanga wa ndani, na Pepper alipokanyaga kwa mguu wa mbele wa kulia, kichwa chake kiliinuka. Kila hatua, juu. Huhitaji kuwa jaji kuliona hilo. Jaji akanionyesha kwa kalamu yake nisimame kando. Mtangazaji akasoma orodha upya, ikianzia kwa aliyekuwa wa pili.

Daktari wa mifugo alikuta mchubuko chini ya ukwato. Siku kumi za kupumzika, akapona. Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu tukiwa tunamfunga bandeji: "Ulijua?" Nilisema ndiyo. Akaendelea kufunga. Nilitamani anipige kelele. Kwa siku kumi zile nilikuwa namtembeza Pepper kwa mkono, dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni, na kila kwato zake zilipogusa lami nilisikiliza kama mtu anayesubiri simu ya hospitali. Tangu hapo sijawahi kupanda farasi bila kwanza kumtazama mtu mwingine akimkimbiza kwenye ardhi ngumu. Watu wa banda wananitania kwa hilo. Wanitanie.

Kuhusu fedha na upendeleo, nitasema kwa ufupi kwa sababu nikianza sitanyamaza. Ndiyo, huu ni mchezo wa gharama, na ndiyo, mwenye fedha hununua farasi ambaye tayari anajua kila kitu, akakaa juu tu. Nilikuwa nafanya kazi bandani kupunguza ada: kuzoa samadi, kumwaga maranda, kubeba ndoo za maji wakati wa baridi maji yakinimwagikia ndani ya glavu. Na ndiyo, macho ya jaji ni macho ya binadamu. Nimewahi kupanda raundi mbili zinazofanana kama mapacha, kwa majaji wawili, moja ikashika nafasi ya pili na nyingine haikutajwa. Kwenye mashindano mengi ya kawaida hata alama husomewi. Unasikia nafasi tu, na unabaki kukisia.

Lakini kilichoniudhi zaidi kilikuwa ni utulivu wa uongo. Kwa kuwa hanta inataka farasi mtulivu, wapo wanaomzungusha farasi kwa kamba ndefu tangu usiku wa manane mpaka anachoka, ndipo apandwe na mtoto. Nimeona mmoja akizungushwa saa kumi alfajiri, jasho limekuwa povu, na saa tatu asubuhi akashinda. Dawa za kutuliza ni marufuku, na farasi huchukuliwa damu na mkojo kwa kushtukizwa. Uchovu haupimwi kwenye mkojo. Ukimtazama machoni unajua, lakini jaji amekaa mita hamsini.

Nilirefuka. Nikiwa na miaka 14 miguu yangu ilikuwa inafika chini ya tumbo la Pepper, na poni hakui pamoja nawe. Akaenda kwa familia nyingine, mtoto mdogo, kisha nikasikia amehamia kwa mwingine tena. Ndivyo poni mzuri anavyoishi: analea mtoto mmoja baada ya mwingine. Niliacha kuuliza kwa sababu kuuliza kuliniumiza.

Aliyefuata ni Walter, farasi mkubwa wa hudhurungi mwenye singa nyeusi, aliyekuwa wa mbio. Alipatikana kwa bei ya chini kwa sababu hakuwa na kasi, na hilo kwetu lilikuwa sifa. Shida yake ilikuwa moja. Kwenye shoti farasi hutanguliza mguu mmoja wa mbele, na akikata kona anatakiwa autangulize wa ndani ya kona. Ukitoka mstari mmoja kwenda upande mwingine wa uwanja, lazima abadilishe, na kwenye hanta abadilishe hewani, bila kushuka kwenye mchakamchaka, laini kama mtu anayehamisha mkoba kutoka bega hili kwenda lile. Walter alikuwa anabadilisha vizuri sana. Ila kila alipobadilisha, aliondoka kama risasi.

Ilibidi mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye viwanja vya mbio atueleze. Marekani farasi wa mbio hukimbia kuelekea kushoto. Kwenye kona hutanguliza mguu wa kushoto, na wakitoka kona ya mwisho kuingia njia iliyonyooka, mwendeshaji huwabadilisha kwenda wa kulia ili wapate nguvu mpya ya kumalizia. Kwa Walter, kwa hiyo, kubadili mguu kulimaanisha: sasa, nenda. Alikuwa anatii. Tulikuwa tunamwadhibu kwa utii.

Tulitumia karibu miezi minane kumfundisha maana nyingine ya neno lilelile. Kubadilisha, halafu kusimama. Kubadilisha, halafu kutembea huku hatamu zimelegea. Kubadilisha, na hakuna kinachofuata. Siku ya kwanza alipobadilisha na kuendelea kwa mdundo uleule, sikumpigapiga shingo wala sikusema neno, niliogopa kumwamsha.

Pamoja naye nilikusanya tepe za ushindi za kutosha kujaza kamba moja juu ya kitanda. Hapa Marekani bluu ni ya kwanza, nyekundu ya pili, njano ya tatu. Nilipokwenda kushindana Kanada nikapewa ya bluu, nilimkumbatia mwalimu kwa nguvu hata kofia yangu ikamgonga pua. Kanada ya kwanza ni nyekundu. Aliniacha nifurahi mpaka tulipofika kwenye trela.

Mara moja nilifika Devon, Pennsylvania, mashindano yaliyoanza mwaka 1896, lakini sikwenda kupanda. Nilikwenda kama mshika farasi wa mtu, na ndoo na kitambaa cha kufutia buti. Nilisimama langoni siku nzima kati ya mbao zilizopakwa bluu ya mawingu, na niliwatazama wapandaji bora kwa karibu kuliko watazamaji waliolipa. Nilichokiona ni mikono. Kabla ya kuingia ilikuwa inatetemeka, mingine. Wakiingia ililala.

Nilizaliwa tarehe 5 Desemba. Kwa kanuni za mchezo, umri wako wa tarehe 1 Desemba ndio unaokaa nao msimu mzima, kwa hiyo mimi niliyefikisha 18 siku nne baada ya tarehe hiyo nilihesabiwa kuwa na 17 karibu mwaka mzima mwingine. Mwalimu alikuwa akisema mama yangu alijua alichokuwa anakifanya. Msimu ule wa nyongeza ulipita haraka. Shindano la mwisho la ujana lilikuwa Novemba, nafasi ya nne, utepe mweupe. Jioni nilimfumua Walter visuko kwa kile kisu kidogo cha kufumulia mshono, singa zikabaki na mawimbi, na sakafu ya trela ikajaa vipande vya uzi mweusi. Hatukuzungumza sana mimi na mama njiani.

Mwaka uliofuata, mashindano madogo yalihitaji mtu wa kumwandikia jaji, mwalimu akanipendekeza. Unakaa ndani ya kile kibanda. Jaji haondoi macho kwa farasi. Anasema, wewe unaandika. Kila raundi ina mstari wake kwenye karatasi, na kila mstari una visanduku vinane, kimoja kwa kila kiunzi. Kila jambo lina alama yake fupi: karibu mno, mbali mno, amekigusa, amekosa kubadili mguu. Dakika mbili, mstari umejaa, alama imetolewa, anayefuata. Mambo yaliyoninyima usingizi wiki nzima nikiwa na miaka 12 yalikuwa na ukubwa wa mkwaruzo wa kalamu. Na kutoka pale uso wa mpandaji karibu huuoni. Kofia, kivuli, umbali. Nilikumbuka yale matabasamu yangu nikaona haya peke yangu.

Mchana wakaingia poni. Wa nne alikuwa mweupe kabisa, mzito kidogo tumboni, na mtoto wa kike wa kama miaka 9 mwenye mikia miwili ya nywele na riboni. Sikumtambua. Farasi wa kijivu huendelea kuwa weupe kadiri wanavyozeeka, na nilikuwa sijamwona kwa miaka zaidi ya mitano. Walizungusha duara lao la mwanzo, wakaja kwenye kiunzi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mdundo mmoja. Mikono ya mtoto ilikuwa imetulia kwenye shungi.

Kiunzi cha saba kilikuwa na sanduku la maua meupe. Hatua nne kabla, sikio la kushoto likalala, peke yake. Kalamu yangu ilisimama. Akahama upana wa kiganja, mtoto akamwacha ahame, wakaruka, wakatua, wakaenda zao.

"Namba saba, kushoto kidogo," jaji akasema, macho yakiwa bado uwanjani.

Nikaandika: kishale kimoja kidogo kinachoelekea kushoto, ndani ya kisanduku cha saba.